Harusi ya Giza la Mwezi

Mkwe wangu Vasudha hulala saa mbili usiku pamoja na kuku, na alfajiri majirani wakijigeuza upande wa pili yeye keshaoga maji ya baridi na kumaliza mazoezi yake mwenyewe. Halafu anafungua mlango wa chumba cha chini na wanafunzi wanaingia: karani mstaafu wa benki na goti lake, mke wa muuza maua na mgongo wake, wasichana wa chuo wanaocheka kila wakiinama. Asubuhi yote ni hao. Jioni ni watoto wa shule. Hapa Mysuru, kusini mwa India, yoga si kitu kigeni, mume wangu alifundishwa shuleni akiwa na kaptula, lakini sijapata kuona yoga ikimmeza mtu mzima mzima namna hii.

Nampenda. Naanza na hilo, maana mdomo wangu naujua.

Mapumziko yake ni Jumamosi, siku ya mwezi mpevu, na siku ya giza la mwezi, pale mwezi unapopotea kabisa. Ndivyo mwalimu wake alivyomfundisha, na yeye hapindishi. Basi nyumba nzima tumekuwa wapiga ramli wa angani. Mwanangu Raghunandan akitaka kwenda sinema na mkewe, huchungulia mbingu kwanza. Siku nyingine zote Vasudha anasinzia juu ya sahani. Kwenye harusi ya binamu yake alilala ameketi wima, ubavuni mwa ngoma, na picha ipo. Binamu hajamsamehe mpaka leo.

Aliyekuwa akimkosa zaidi ni Hema, shoga yake tangu shule, mjane, anauza dawa kwenye duka la karibu na soko. Hema alikuwa akija barazani kumngojea Vasudha amalize darasa, na mimi na yeye tukawa tunaimaliza kahawa na habari za mtaa kabla mwenyewe hajatokea. Mpwa wake akapewa jina, Vasudha hayupo. Akahamia nyumba mpya, Vasudha hayupo. Hema alicheka tu, lakini kicheko hicho nilikisikia kinavyopungua.

Mara Hema akapata mwanaume! Jina lake Puttaswamy, ana kitalu cha miche nje ya mji. Alikuwa akija dukani kununua dawa ya kikohozi mara kwa mara mpaka mwenye duka akamuuliza kama bado ana mapafu. Nilifurahi nikapiga kelele jikoni, nikaunguza dengu. Harusi ingekuwa kwenye hekalu la kijijini kwao, safari ya asubuhi nzima. Lakini tarehe zote njema alizotoa kuhani ziliangukia siku za kazi, na baada ya hapo unaingia ule mwezi ambao hakuna aoaye wala aolewaye.

Siku za kawaida Vasudha angefunga darasa, nisimwonee. Ila mwezi ule mwalimu wake alikuwa amepasuliwa macho, akamwachia wanafunzi wake wote, na Vasudha alikuwa amemgusa miguu kwa heshima na kuahidi kwamba mlango hautafungwa siku hata moja ya kazi. Jumamosi? Watu wa Puttaswamy hawafungi ndoa Jumamosi. Mwezi mpevu? Ulikuwa na kupatwa, nuksi tupu. Vasudha alikaa jikoni akimenya vitunguu ambavyo hakuna aliyemtuma amenye, apate kisingizio cha machozi. Akasema akiikosa na hii, hatakuwa na uso wa kumwita Hema rafiki.

Kesho yake Hema akaja, akaketi, akanywa kahawa yake taratibu, akasema ataolewa siku ya giza la mwezi.

Nikawaka. "Hema, una akili timamu? Siku hiyo mtu hanunui hata ufagio!"

"Mama, ile ndoa ya kwanza walikaa wanajimu watatu. Wakakubaliana mpaka dakika. Mume wangu hakumaliza mwaka."

Nikamwongezea kahawa.

"Safari hii," akasema, "nataka siku ambayo Vasudha ana nafasi."

Puttaswamy alikubali papo hapo, yule hata ungemwambia wakaoane juu ya mti angetafuta ngazi. Mama yake alisema amengoja mkwe muda mrefu mno kuanza kuchagua siku. Kuhani akakataa katakata kufungisha ndoa, ila akasema mlango wa hekalu atauacha wazi.

Mimi niliapa siendi. Lakini jamani, mambo yalivyonyooka! Siku hiyo hakuna harusi nyingine dunia nzima. Wapiga zumari ambao watu huwashika miezi mingi kabla walikuwa wamekaa bure, wakaja wote, hata ambao hatukuwaita. Mpishi hodari wa mtaa akajileta mwenyewe. Wanafunzi wa Vasudha nao walikuwa mapumzikoni, wakajaza basi zima, karani wa benki akikalia kiti cha mbele na goti lake amelinyoosha kama mfalme. Raghunandan alinikuta mlangoni nimevaa hariri na asmini kichwani. Nikamwambia naenda kuwalinda tu na mkosi.

Vasudha aliimba njia nzima. Macho makavu, meupe, hana hata mwayo. Nilikuwa nimesahau kwamba binti huyu ana sauti.

Tukafika hekaluni. Puttaswamy na Hema wakasimama wakikabiliana, zumari zikanyamaza, na ndipo tukatazamana. Kuhani hayupo. Nani amkabidhi bwana harusi uzi wa ndoa amfunge Hema shingoni, na kurusha mchele wa kwanza? Mkono huo lazima uwe wa mtu wa karibu, mwanamke wa rika la mama ambaye mume wake yu hai. Mama wa Puttaswamy ni mjane. Shangazi zake Hema, waliomlea, waliiogopa siku, hawakuja. Nikaona vichwa vinanigeukia kimoja baada ya kingine, mimi ambaye mzee wangu yuko nyumbani mzima wa afya.

Nilikuwa nimeshawaonya wote juu ya siku ile, na sasa wanataka mimi ndiye niibariki. Likija kutokea baya, mkono utakuwa wangu. Niliushika ule uzi wa manjano nikauzungusha kidoleni, siutoi.

"Mama, kama moyo hautaki, mimi sitakulaumu," Hema akasema kwa sauti ya chini.

Nikaubana uzi kifuani, na pumzi nikaibana nayo. Vasudha akaja akasimama nyuma yangu, akaniwekea kiganja mgongoni, katikati ya mabega.

"Mama, vuta pumzi," akasema. "Polepole. Hadi hapa nilipokushika. Sasa iache itoke."

Miaka yote tuliyoishi nyumba moja mimi ndiye ninayetoa amri. Nikafumba macho, nikamtii. Pumzi ilipotoka uzi nao ukahamia mkononi mwa Puttaswamy, na mchele ukapaa, na zumari zikalipuka kwa kishindo kilichowarusha njiwa wote paani. Nilipofumbua macho Hema alikuwa mke wa mtu, na Vasudha alikuwa pale pale, anacheka na kulia, ameona kila kitu.