Mume Wangu Ndiye Aliyenitafsiria Maneno ya Daktari

Naomba jina langu lifichwe. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mkulima wa ndizi na chai huku Rungwe. Kiswahili changu ni cha sokoni tu. Nasema kwa Kinyakyusa, binti yangu ndiye anaandika.

Goti langu la kulia lilianza kuuma miaka ile malori ya Dar yalipoanza kuja kwa wingi kuchukua ndizi. Mikungu kutoka bondeni hadi barabarani nilibeba mimi. Ilipofikia hatua nashindwa hata kuchuchumaa, mume wangu alinipeleka hospitali. Daktari, mgeni wa huku, alinichoma sindano ndani ya goti, kisha akazungumza kwa muda mrefu. Mume wangu akanitafsiria kwa maneno machache: "Anasema umepona. Fanya kazi, mguu usilale." Nikamwambia daktari, "Ndaga fijo," yaani asante sana.

Kweli maumivu yaliisha. Nikabeba. Baada ya wiki kadhaa yakarudi, mume wangu akanipeleka kwenye zahanati ya mtu binafsi iliyokuwa imefunguliwa mjini Tukuyu. Pale hawakuuliza kitu, walichoma tu. Ikawa kila lori likikaribia, napelekwa kuchomwa. Mara ya tano goti lilivimba, likawa la moto, likatunga usaha. Nililazwa mwezi mzima. Muuguzi mmoja, Mnyakyusa mwenzangu, alisoma cheti changu cha zamani cha yule daktari wa kwanza, akaniuliza kwa lugha yetu, "Mama, si uliambiwa gegedu, ule mto wa katikati ya mifupa ya goti, imelika, na sindano inatuliza tu, haiponyi? Si ulikatazwa kubeba mizigo na kuchomwa tena upesi?"

Nililia mbele ya wodi nzima.

Nilipomuuliza mume wangu, hakukataa. Alisema, "Ningekuambia, ndizi angebeba nani?"

Leo goti halikunjiki. Kanisani nakaa benchi la mwisho, mguu nimeunyoosha kama mpini. Binti yangu anataka kunichukua nikaishi naye Mbeya. Wazee wa kanisa wamekuja mara mbili: "Mama, mwenzako ametubu mbele yetu. Ukiondoka utamvunjia heshima."

Ametubu mbele yao. Mimi ninayekaa naye nyumba moja, hata "pole" hajawahi kuniambia.

Wenzangu mnaosoma, nipeni mawazo yenu: niende kwa binti yangu, au nibaki nikimpikia mtu huyu mpaka nife?