Dawa Tuliyomnyima Masika

Siku ile ninayoikumbuka, mwanangu, ilianza na mlio wa mchi. Tuu, tuu, nyuma ya soko la Beu, kabla sijamwona aliyeushika. Alikuwa mwanaume mwenye sauti ya mahubiri, akitwanga gombo kavu, zile bamia zenye utelezi tunazolia bugali.

"Unga huu unashusha sukari ya damu," alisema. "Sindano ya nini tena?"

Ilikuwa vita. Askari walikuwa wamefunga barabara ya Butembo, ambako dawa zetu zilitoka. Dada yangu Masika aliishi kwa insulini, na chupa yake ya mwisho tuliitunza katika chungu chenye mchanga uliolowa, isipate joto. Vita vilitufundisha kubakiza kila kitu: chumvi, sabuni, mafuta ya taa. Nami, mjinga, nikanunua ule unga, nikaukoroga katika maji, nikabakiza insulini kama chumvi!

"Masika, kunywa hii kwanza. Ile ya chupa tuichunge."

"Yaya, weye ulikuwa docteur lini?" alicheka. Lakini alikunywa, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake.

Jioni ya kwanza kiu yake ilipungua kidogo, nikajiona nina akili. Siku ya tatu alitapika, akahema kama mtu anayepanda mlima. Tulimbeba hadi kwa muuguzi wa mtaa.

"Nani alimukatazia sindano?"

"Ni miye, mama."

"Ule utelezi unachelewesha sukari ya chakula tu. Insulini haiko mule! Na mwili wake hauitengenezi hata tone."

Alimdunga, lakini tulikuwa tumechelewa. Tulimzika Masika chupa ikiwa bado nusu.

Hasira haijanitoka, mwanangu: juu ya waliofunga barabara, juu ya yule mtwangaji, juu yangu mwenyewe. Kula gombo, ni chakula chema. Lakini anayekuambia uache sindano mwogope kuliko mwenye bunduki, na usiipunguze hata tone kabla ya kumwuliza muganga wa hospitali. Mungu akuchunge, akupe ulimi wa kuuliza mapema.

Yule mtwangaji alithubutu kuja matangani kwetu. "Binti alikosa imani," alisema, mbele ya mama yangu.

Tata, baba yetu, alisimama polepole.

"Binti yangu alikosa dawa. Toka!"

Alitoka akiwa ameshika kofia yake, na mama mwenyewe akafunga mlango nyuma yake.