Bawabu wa Bahari ya Shamu

Bawabu wa kanisa letu pale Bertrams mngempenda, jamani. Siku za wiki ni mlinzi wa geti huko Sandton, mtaa wa matajiri. Jumapili huja na suti, lakini buti ni zile zile za kazini. Mahubiri yakianza tu, hufunga mlango kwa ufunguo, huutikisa mara mbili, kisha hutia ufunguo kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Hakuna kutoka mpaka amina ya mwisho. Jumapili iliyopita mchungaji alikuwa anawatoa Waisraeli utumwani, na saa ya pili ilikatika hawajaiona hata Bahari ya Shamu. Agnès, msusi wetu, akanyata hadi mlangoni.

"Papa, unifungulie. Bibi arusi ananingoja Bellevue. Nikichelewa na leo, kiti changu cha saluni kinapewa mwingine."

"Subiri wavuke, mama," akanong'ona, akipapasa mfuko.

"Farao naye alisema vilevile!"

Tuliokaa nyuma tukacheka chini kwa chini. Bawabu akazidi kusimama wima. Mara simu yake ikatetema. "Ndiyo, bosi. Sasa hivi, bosi." Ile sauti ya kutuamrisha sijui ilikwenda wapi. Akafungua, akachomoka, na kabla Agnès hajapenyeza mguu, mkono uliozoea ukafunga kwa nje, ukautikisa mlango mara mbili. Buti zikasikika zikikimbia. Mbele, mchungaji akainua mikono: "Wapendwa, tuko huru!" Tukaitikia amina kubwa mno, hata Agnès akigonga mlango hakusikika.