Nambari ya Duka la Mapazia

Rahila binti Marhoon alikuwa na miaka thelathini na minne mama yake alipopoteza maneno. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, mwaka 2006. Bi Mastura alikuwa jikoni, nyumbani kwao mtaa wa Azaiba, Maskati, amekalia mbuzi anakuna nazi, na Rahila yuko chumbani anatafuta funguo za gari awahi kazini Rusayl. Akasikia sinia likigonga sakafu. Alipofika jikoni alimkuta mama yake ameanguka ubavu, macho wazi, mdomo umekwenda upande, nazi iliyokunwa imemtapakaa kwenye kanga.

Kiharusi kile hakikumuua. Baada ya miezi miwili mguu ulirudi, akawa anatembea kwa kushika ukuta. Mkono wa kulia ulibaki mzito, na ule wa kushoto ukawa unatetemeka. Lakini ulimi haukurudi. Alisikia kila kitu, alifahamu kila kitu, Kiswahili chake na Kiarabu cha majirani, ila kati ya maneno yote aliyopata kuyajua lilimbakia moja tu: "haya". Akikubali, haya. Akikataa, haya. Akikasirika kwa kuwa hawamfahamu, haya, haya, haya, mpaka machozi yanamtoka.

Na huyo alikuwa mwanamke wa maneno. Alipotoka Unguja na mumewe mwaka sabini na tano, alimwacha nyuma dada yake Kheiria, na kwa miaka mingi walikuwa hawaandikiani barua. Walitumiana kanda. Katika miaka ya tisini, marehemu Marhoon alipokuwa hai bado, ilikuwa kila Ijumaa baada ya chakula Bi Mastura anajifungia sebuleni na redio kaseti yake, anamweleza dada yake habari za Maskati: nani kaoa, nani kazaa, samaki gani kapanda bei, joto limewafanya nini. Katikati ya maneno mlango hufunguliwa, na kanda inanasa sauti yake ikibadilika: "Rahila, funga mlango, nnazungumza na khale yako."

Khale Kheiria alipopata habari za kiharusi, alizikusanya kanda zote alizokuwa nazo akampa mtu aliyekuwa anasafiri. Zilifika ndani ya mfuko wa mchele.

Rahila alikuwa akiandika programu za kompyuta katika kiwanda cha biskuti Rusayl, za kuhesabu makatoni yanayoingia na yanayotoka ghalani. Kazi hiyo aliijua vizuri na haikumpa raha yoyote. Lakini jioni moja, anaisikiliza kanda ya mwaka tisini na tatu, alimsikia mama yake anasema, "Nna kiu mie, hebu nipeni maji," pengine kwa mtoto aliyepita. Aliirudisha kanda nyuma, akaisikiliza tena. Kisha akaitoa redio akaiunganisha na kompyuta.

Ilimchukua miezi minne. Aliyachuma maneno ndani ya kanda moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Nimechoka. Funga dirisha. Niitieni Sleyum. Sitaki. Kaa kidogo, usiondoke. Mwenyezi Mungu akuweke. Yote aliyatia kwenye simu, kila neno na picha yake, ili mama abonyeze picha na simu iseme kwa sauti yake mwenyewe, sauti ya miaka kumi na tatu nyuma, nzima, ya ukali kidogo.

Siku ya kwanza Bi Mastura alibonyeza picha ya gilasi. Simu ikauliza kwanza swali lake, Rahila akaibonyezea, kisha sauti ikatoka: "Nna kiu mie, hebu nipeni maji." Bi Mastura akaitazama simu. Akamtazama mwanawe. Akacheka, na kile kicheko kikageuka kilio, na ndani ya kilio akabonyeza tena.

Lile swali ndilo lililokuja kuwaharibia. Maneno yalikuwa mengi, hayakuenea ndani ya programu, ikabidi yahifadhiwe kwenye kadi ya simu. Na kila mara programu ilipotaka kusoma kitu kwenye kadi ile, simu ilisimama na kuuliza: programu hii haitambulikani, unairuhusu? Mtu mzima wa mikono hubonyeza ndiyo, yakaisha. Bi Mastura kidole kilikuwa kikitetemeka. Mara nyingi kiliangukia hapana.

Siku moja alikuja kumtazama Bi Shariffa, shoga yake tangu usichana, aliyekuwa akiishi Nizwa kwa mwanawe na haji Maskati ila kwa nadra. Walikaa pamoja saa nzima, Bi Shariffa anazungumza, mwenzake anaitika haya. Dereva alipopiga honi, Bi Shariffa akainuka, akambusu kipaji. Rahila alikuwa anatoka jikoni na kahawa. Alimwona mama yake anaikamata simu, anabonyeza, simu inauliza, kidole kinateleza. Akabonyeza upya. Ikauliza upya. Mgeni alikwisha vaa viatu, anaaga kwa sauti kubwa kama watu wanavyowasemesha wagonjwa. Ilipotoka ile "Kaa kidogo, usiondoke," gari lilikuwa limeshapinda kona.

Bi Mastura aliiweka simu chini, juu ya zulia, na siku mbili hakuigusa.

Kazini Rahila alimweleza Loay, mwenzake wa meza ya pili, kijana wa watu wa Bujumbura aliyepata kuandika programu za simu kwa kampuni moja ya Dubai.

"Simu yenyewe haina ubaya," Loay alimwambia. "Haikujui tu. Programu yako inafungua mafaili ya mtu. Ya mwizi nayo inafungua. Simu itajuaje? Inatafuta muhuri, alama ya kuonyesha programu ni ya nani. Na wanaotoa muhuri hawampi mtu binafsi, wanaipa biashara."

"Mimi nna pasipoti. Nna kitambulisho."

"Hawavitaki. Mtu anaweza kujiita jina lolote, leo yupo kesho hayupo. Wanataka nambari ya biashara, tarakimu tisa. Kuna kampuni huko ng'ambo inaweka daftari la biashara za dunia nzima. Ukishaandikwa mle, anayetaka kujua kama upo kweli, unakaa wapi, nani wa kumwuliza programu yako ikidhuru watu, anaitazama nambari ile."

"Na wao wanajuaje kama nipo?"

"Wanaisoma sijili, ile hati ya kuandikishia duka lako. Halafu wanapiga simu, wanamwuliza mwenyewe."

Rahila hakuwa na duka. Aliyekuwa nalo ni kaka yake Sleyum: duka la mapazia lililokuwa barabara kuu ya Azaiba, jina lake limeandikwa juu ya mlango kwa Kiarabu na Kiingereza. Bi Mastura alijivunia duka lile kupita kiasi. Mapazia ya nyumba nzima yalishonwa huko, na wageni hawakuondoka bila ya kuyashika kitambaa.

"Duka si letu sote?" Sleyum alisema, akampa nakala ya sijili siku ile ile. "Chukua, Rahila. Kwa ajili ya bimkubwa nitakataa nini?"

"Watakupigia tu, kaka, wakuulize kama duka ni lako. Wewe sema ndiyo."

"Ndiyo tu?"

"Ndiyo tu."

Maombi yalirudi mara ya kwanza kwa sababu ya herufi. Kwenye sijili mtaa uliandikwa Udhaiba, kwenye karatasi za baladiya, watu wa manispaa, Azaiba, na watu wa ng'ambo wakaona ni pahala pawili mbalimbali. Rahila aliomba ruhusa kazini, akaenda kupanga foleni apate barua ya kuthibitisha kuwa mtaa ni mmoja. Akaipeleka. Wakamjibu kuwa imefika, sasa watapiga simu. Wakati huo Ghadeer, mtaalamu wa hospitali aliyekuwa akimfundisha Bi Mastura kusema, alikwisha iona programu, na kila Rahila anapokwenda humwuliza, "Ile yako ishatoka? Nna wagonjwa sita hapa wameikodolea mimacho."

Ikapita wiki ya tatu, na ya sita.

"Wamepiga, kaka?"

"Hawajapiga."

Mwezi wa pili mwaka 2008 Bi Mastura aliingiwa na baridi kifuani. Alilazwa siku ya Jumatatu. Jumatano madaktari walisema kifua kinaanza kusafika. Siku hiyo, baada ya adhana ya alasiri, Rahila alimfunika vizuri, akaiweka simu karibu na mkono wake wa kushoto, akateremka kusali. Hakukawia. Aliporudi muuguzi alikuwa amesimama kando ya kitanda, ameshika kifundo cha mkono wa mama; akaulaza mkono ule taratibu kifuani.

Simu ilikuwa juu ya shuka, inawaka. Ilikuwa inauliza: programu hii haitambulikani, unairuhusu?

Swali lile halikuonyesha ni picha gani iliyobonyezwa. Rahila aliyeiandika programu ile, anayeijua mstari kwa mstari, alikuwa hana njia ya kujua. Huenda yalikuwa maji. Huenda alikuwa anaita mtu. Alikaa na simu mkononi mpaka ikajizima.

Siku kumi baada ya matanga kwisha, barua ilimfikia kwenye kompyuta ya kazini. Ilikuwa ya adabu, fupi. Tumepiga simu mara tatu katika nambari mliyotupa. Mara mbili aliyepokea alisema mwenyewe hayupo. Mara ya tatu mwenyewe alipatikana, akatwambia hana haja ya nambari yoyote, na tusimpigie tena. Kwa hiyo tumeyafunga maombi yenu. Tarehe zilikuwa zimeandikwa. Ile ya tatu ilikuwa ya mwezi wa kumi na moja.

Alkhamisi alasiri alikwenda kwa Sleyum. Alimkuta peke yake, mkewe amekwenda kwa wazee wake. Akampa ile karatasi. Sleyum aliisoma, akaisoma tena, akaikunja.

"Yule bwana hakuniuliza kama duka ni langu tu," alisema mwishowe. "Aliuliza nimelifungua mwaka gani. Nna wafanyakazi wangapi. Nani anaagiza vitambaa, vinatoka wapi, nani anatia saini."

"Ukamjibu nini?"

"Nimjibu nini, Rahila? Mimi hata ufunguo wa duka lile sina."

Ndipo akamweleza. Duka lilikuwa lake mwaka mmoja tu, likamshinda. Tangu mwaka tisini na nane ni la fundi mmoja wa Kihindi, mtu wa Kerala, na nduguye. Wao ndio wanaonunua, wanaoshona, wanaouza. Cha Sleyum ni jina lililo juu ya mlango, na bahasha anayoletewa kila mwisho wa mwezi, iliyomsomeshea watoto. Mtu wa mbali alipoanza kuuliza ya ndani, aliingiwa na khofu kuwa ataandikwa kwenye daftari la dunia nzima na uwongo wake.

"Ungeniambia. Ningetafuta sijili nyengine. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, Sleyum."

"Ningekwambia, na mama angesikia. Ningekuwa nani mbele yake? Kila anayeingia ndani anamwonyesha mapazia ya mwanawe."

Rahila alimtazama. Alikuwa amekuja na maneno mengi. Njiani aliyapanga yote, na sasa hakuyaona.

"Alibonyeza nini?" aliuliza. "Siku ile. Alitaka kusema nini?"

Sleyum aliziba uso kwa viganja. Rahila akaichukua karatasi yake pale mezani, akatoka.

Alijua kwamba nambari isingemponya mama yake. Daktari alimwambia moyo ulisimama ghafla, na ungesimama tu. Nambari ingempa neno moja, labda mawili. Kuna siku alijiambia hilo ni jambo dogo. Lakini siku hizo zilikuwa chache.

Mwaka uliofuata aliacha kazi ya kiwandani, akakodi chumba juu ya duka la dawa, akafungua sijili yake mwenyewe. Safari hii aliandika Udhaiba kila pahala. Saa nne ya asubuhi moja simu ililia. Sauti ya mwanamke wa mbali ikamwuliza biashara yake inaitwaje, ni ya nani, imeanza lini, ina watu wangapi. Ni yangu. Imeanza mwezi wa tatu. Niko peke yangu. Haikuchukua dakika tano. Baada ya siku chache nambari ilifika, tarakimu tisa, na muhuri ukafuata.

Ghadeer alimpa programu ile mgonjwa wake wa kwanza, mzee wa kijiji cha Yiti aliyekuwa dereva wa malori. Sauti aliitia binti yake, kwa Kiarabu cha kwao. Mzee alibonyeza picha ya mkate na simu ikasema papo hapo, bila ya kuuliza chochote. Watu wa nyumba yake walipiga makofi. Ghadeer aligeuka kumtafuta Rahila, akamkuta ukumbini, amekaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani. Rahila alimwomba amwache kidogo.

Sleyum alikuja ofisini mara moja. Alipanda ngazi polepole, akasimama mbele ya sijili iliyotundikwa ukutani, akaisoma toka juu mpaka chini.

"Hii ni yako kweli," alisema.

"Ni yangu."

Alikaa, akanywa maji aliyopewa, akauliza kama chumba kina joto wakati wa kiangazi. Rahila akamwambia kina joto. Kisha akaondoka. Sikukuu zikifika wanakutana kwa ndugu zao, wanapeana mikono, kila mmoja anauliza hali na afya ya mwenzake. Hawazidishi zaidi ya hapo.