Mlima Unaoanzia Mlangoni kwa Thelma

Kila Jumamosi jioni, kwenye kundi la simu la klabu ya baiskeli ya Hobroyd, swali lilikuwa lile lile: nani anambeba Thelma kesho?

Hakuna aliyeliuliza kwa ubaya. Thelma Barraclough alikuwa na miaka sitini na miwili, mpishi wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, na kuendesha gari hakujui. Mtihani wa udereva aliufanya mara sita na kuanguka mara sita. Ile ya mwisho mtahini aliomba ashushwe njiani, akasema hapo palipobaki atamalizia kwa miguu. Thelma akaolewa na Roy, Roy alikuwa na gari, na habari ya udereva ikaishia hapo.

Kwa miaka thelathini Roy alizifungua baiskeli zao magurudumu ya mbele, akazisukumia nyuma ya gari, wakazunguka maili kumi na tatu za lami hadi msitu wa Grimsden. Huko wakazifunga tena magurudumu, wakaendesha maili kumi matopeni, wakazifungua upya, wakarudi nyumbani garini. Hivyo ndivyo watu wa bonde hilo wanavyoendesha baiskeli. Wapo walionunua gari kubwa zaidi kwa sababu tu wamenunua baiskeli, na ukiwauliza watakujibu bila hata kutabasamu.

Roy alipofariki, gari likaenda kwa mpwa wake, na Thelma akawa mzigo wa kupokezana. Lakini kilikuwapo kitu kimoja ambacho kilikuwa chake mwenyewe. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi aliwaongoza wanawake wanaoanza kuendesha baiskeli msituni. Wengi walikuja wakitetemeka, na yeye akawafundisha kuteremka kwenye mawe bila kufumba macho, kwa sauti ile ile aliyotumia zamani kupanga foleni ya watoto mia mbili wenye njaa. Kwenye msafara ule alikuwa mtu. Siku nyingine zote alikuwa mjane wa Roy.

Basi Jumamosi moja ya mwanzo wa Septemba, swali likaulizwa saa kumi na halikujibiwa. Saa kumi na moja, kimya. Saa kumi na mbili ndipo akajitokeza katibu, Clifford Sugden, mtu wa vifaa vingi na maneno mengi, akaandika kwamba buti la gari lake limejaa, na labda kuanzia mwezi huu awaongoze yeye hao akina mama, Thelma apumzike. Watu watatu wakaweka vidole gumba kuunga mkono. Vidole vile vilimchoma Thelma kuliko maneno yenyewe, kwa maana kimoja kilikuwa cha mtu ambaye Thelma mwenyewe ndiye aliyemfundisha kutumia gia.

Akampigia simu pale pale.

"Clifford, nani kakwambia nimechoka?"

"Hakuna aliyesema umechoka, bibie. Ni suala la usafiri tu. Kiongozi lazima awe maegeshoni Grimsden saa tatu kamili. Hatuwezi kuwasimamisha watu wazima kwenye baridi."

"Nitakuwepo."

"Utakuja na nani?"

"Na baiskeli."

"Thelma, mama, hapo katikati kuna mlima."

"Naujua. Nimeoshea vyombo nikiutazama miaka thelathini na minane."

"Haya. Ila ukichelewa naongoza mimi, na nikishika nimeshika. Msafara utakuwa wangu moja kwa moja, tusije tukalaumiana."

"Lala salama, Clifford," Thelma akasema, akakata simu, kisha akaketi jikoni akijiuliza amejiingiza katika balaa gani.

Asubuhi, saa moja u nusu, aliitoa baiskeli ukumbini na kuiegemeza ukutani nje. Mazoea ni kitu kibaya. Alikuwa ameshapiga goti na kushika kifungio cha gurudumu la mbele alipokumbuka kwamba hakuna gari la kulipakia. Akainuka akijicheka. Edie wa nyumba ya pili, aliyekuwa ametoka na gauni la kulalia kuchukua maziwa, aliyaona yote.

"Gari lako leo limechelewa?"

"Sina gari leo. Naenda Grimsden na hii."

Edie aliitazama baiskeli, akautazama mlima, akamtazama jirani yake. "Shoga, nikuwekee chai au nikuitie gari la wagonjwa kabisa?"

"Weka chai."

"Na jina la hospitali unalolipenda?"

"Edie, rudi ndani, utapata baridi ya miguu."

Barabara ya mtaa wao inapanda mara tu unapoufunga mlango, wala haikupi nafasi ya kupasha misuli. Thelma alikanyaga hadi kanisani, na hapo pumzi zikamwisha, akashuka akaanza kusukuma. Alipofika kwenye geti la mwisho, juu ya nyumba zote, dakika ishirini na tano zilikuwa zimekwenda na alikuwa hajatembea zaidi ya maili moja. Bomba la moshi la nyumba yake lilikuwa bado linaonekana pale chini, karibu kabisa, kama linamcheka.

Aliegemea geti. Akawaza kurudi. Angeandika kwenye kundi kwamba goti linauma, watu wangempa pole, na Clifford angeuchukua msafara. Mlima haukumtisha. Kilichomtisha ni Jumapili, zile Jumapili zote zilizobaki, akikaa kusikiliza birika likichemka, akingoja Jumatatu ifike ili maduka yafunguliwe apate wa kuongea naye. Hofu ile ilikuwa kubwa kuliko uchovu. Akafungua geti, akapita, akalifunga vizuri nyuma yake kwa sababu ya kondoo.

Juu ya geti lile ndipo mambo yalipobadilika. Kuna njia ya zamani ya mabamba ya mawe, iliyotandikwa enzi za farasi wa mizigo, inayokata nyika moja kwa moja wakati barabara ya magari inauzunguka mlima mzima. Mama yake Thelma aliipita kila siku kwenda kiwandani. Thelma mwenyewe hakuwa ameikanyaga tangu usichana wake. Aliingia juu ya mabamba, magurudumu yakaanza kudunda du-du-du, upepo ukamshika mgongoni, na ghafla alikuwa anakwenda, tena anakwenda kweli. Kondoo walisimama katikati ya njia wakimkodolea macho. "Mstari mmoja!" akawapigia kelele. "Hakuna kusukumana!" Wakatawanyika.

Alipolipita bwawa la huko juu nyikani, ukungu ulikuwa unanyanyuka, na mbele yake akauona msitu. Alishika breki akasimama, ingawa muda hakuwa nao. Grimsden aliyoijua ilikuwa mahali unapopafikia baada ya nusu saa ya redio na kioo chenye mvuke. Hakuwahi kufikiri kwamba ardhi ile ilikuwa imeshikana na ardhi ya mlangoni kwake. Miaka thelathini walipakia na kupakua, na kumbe palikuwa maili sita tu, upande wa pili wa dirisha la jikoni. Alimhurumia Roy kwa kuikosa njia hii, akamkasirikia kidogo pia, kisha akaachia breki.

Maegeshoni, wanawake kumi walikuwa wamesimama kando ya magari yao wakipuliza vikombe vya kahawa. Wote waliangalia upande wa barabara. Thelma akawatokea kwa nyuma, kutoka juu msituni, akiteremka njia iliyojaa mizizi ya miti, matope mpaka kwenye nyusi. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi.

"Umetokea wapi?" aliuliza Nasreen, mfamasia wa mjini, aliyekuwa anakuja kwa mara ya tatu.

"Nyumbani," Thelma akasema, akihema.

Clifford alikuja akiwa na karatasi yake ya majina. Hakuwa na furaha, lakini alijaribu. "Hongera, umefika. Hapo nakupa. Lakini jitazame, mama. Umeshatumia nguvu zote kabla hatujaanza. Hawa wanahitaji kiongozi mwenye pumzi. Kaa unywe kitu cha moto, mimi nianze nao."

Wanawake kadhaa wakatazama viatu vyao.

"Ulisema saa tatu, Clifford. Hukusema nije mkavu."

"Nasema kwa faida yako."

"Faida yangu naijua. Hata hivyo baiskeli yako iko wapi, wewe mwenye pumzi? Mimi yangu hii hapa."

"Dakika moja tu," akasema Clifford, na akaenda kufungua buti.

Akatoa fremu, baiskeli nzuri ajabu, nyepesi, ya bei ambayo mkewe hakuwahi kuambiwa ukweli wake. Akatoa pampu ya kusimama nayo, helmeti, sanduku la spana, na mkeka mdogo wa kubadilishia viatu. Halafu akaingiza kichwa butini na kuendelea kutafuta. Akafungua mlango wa nyuma. Akapiga magoti akachungulia chini ya viti. Akarudi butini na kuinua zulia.

"Bwana Clifford, umepoteza nini?" Nasreen akauliza.

"Gurudumu."

"Lipi?"

Clifford akaliachia zulia. "La mbele."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Gurudumu lilikuwa limeegemea ukuta wa nyumba yake, pale alipoliweka sekunde moja tu ili mikono yote miwili iisukume fremu ndani. Karibu kila aliyekuwepo pale amewahi kulifanya kosa lile, au mumewe amelifanya, na ndiyo maana kicheko kilipoanza hakikuwa na breki. Mwanamke mmoja alimwaga kahawa. Clifford alisimama na fremu yake yenye gurudumu moja, akitamani ardhi ipasuke immeze.

Thelma alicheka kuwapita wote, na hakuomba radhi. Alikuwa amengoja kicheko kile tangu jana saa kumi na mbili.

"Nenda kalichukue, mpenzi," akamwambia Clifford baada ya kujifuta machozi. "Ukirudi utatukuta mbele. Jamani, saa ngapi?"

"Saa tatu kasoro dakika moja," akasema Nasreen.

"Basi vaeni helmeti zenu. Tunakwenda."

Aliwaongoza kwa muda wa saa tatu, na hakuwahi kuongoza vizuri vile. Mwili ulikuwa umeshapata moto, wakati wengine bado wanalalamika vidole vimekufa ganzi. Kwenye mteremko wa mawe alisimama chini akawaita mmoja mmoja, macho wazi, matako nyuma, achia breki ya mbele, na wote kumi walishuka bila kuanguka. Nasreen alifika chini akipiga kelele za furaha kwa lugha ya mama yake. Clifford hakurudi. Baadaye aliandika kwenye kundi kwamba barabarani kulikuwa na foleni.

Saa sita wakawa maegeshoni tena. Huu kwa kawaida ndio wakati wa kufungua magurudumu, kufuta matope na kuhangaika na mabuti ya magari. Thelma aliwaaga, akaigeuza baiskeli kuelekea njia ya mizizi.

"Unapandia huku?" Nasreen akamwuliza.

"Ndiko kwangu."

"Na huko juu kukoje?"

Thelma akakaza helmeti yake. "Njoo uone."

Nasreen akaja, na wengine watatu wakamfuata. Hawakufikiri, miili ilikuwa bado imelewa ule mteremko. Njiani upepo uliwapiga usoni, wakasukuma pale pa kusukuma, wakadunda juu ya mabamba wakiimba, kila mtu na wimbo wake. Kwenye geti la juu waliona Hobroyd yote iko chini ya miguu yao. Wakashuka mtaa ule mkali kwa mlio wa breki hadi mlangoni kwa Thelma, na Edie akatoka na birika bila kuuliza kitu.

Walikula mkate na jibini jikoni, viatu vikiwa vimepangwa nje, wakazungumza wote kwa pamoja. Thelma alikata keki ya shayiri na kuwatazama. Jiko lile halikuwa limepata watu sita tangu siku ya mazishi ya Roy. Alikuwa na furaha, na alijua kwamba ana furaha, jambo ambalo si la kila siku.

Ilipofika saa nane, Nasreen akaingiza mkono mfukoni kutafuta simu, akatoka na ufunguo wa gari. Akautazama kama kitu alichookota njiani.

"Jamani," akasema polepole. "Magari."

Wenzake watatu wakajipapasa. Funguo nne zikawekwa mezani, kando ya keki. Nne, na magari manne yenyewe yako Grimsden, nyuma ya mlima, kwenye maegesho yanayofungwa saa kumi na moja. Edie alicheka hadi akalazimika kushika ukuta.

"Nimpigie Clifford?" Thelma akauliza. "Lile gari lake linawatosha wote. Atawafikisha kwa nusu saa."

Wakaangaliana. Kwa dakika moja ilionekana kama watakubali, maana miguu ilikuwa inauma na nje upepo ulikuwa unapiga. Kisha Nasreen akaurudisha ufunguo mfukoni, akafunga zipu, akachukua helmeti yake.

"Tubebwe na gari kwenda kuchukua magari? Hapana, shoga. Hebu nionyeshe tu, ule mlima unaanzia wapi?"

Thelma akafungua mlango wa mbele, akaisogeza baiskeli yake iliyokuwa imewazibia njia.

"Hapo hapo unapokanyaga," akasema.

Nasreen akapanda baiskeli yake, na wale watatu wakamfuata na zao.