Jumba Tunalolilinda Linauzwa, na Mama Yangu Amezikwa Bustanini

Hamjambo nyote. Admin, tafadhali nifichie jina, baba asinitambue. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, naishi na baba upande wa Zuzu, Dodoma.

Baba ni mlinzi na mtunza bustani wa jumba kubwa lililozungukwa na miti, migunga na mikwaju mpaka usione barabara. Sisi tunakaa chumba cha uani. Mama alipofariki, mzee mwenye nyumba alimwambia baba, "Mzike hapa hapa, huyu alikuwa kama binti yangu." Sasa mzee naye hayupo, na watoto wake wanaliuza jumba.

Dalali waliyempa kazi ya kuliuza alipoliona kaburi alishika kichwa, akamwambia baba, "Mzee, mteja akiona msalaba anageuza gari getini!" Dalali na watu wake wakaung'oa, wakasawazisha tuta, wakapanda ukoka. Siku hiyo baba hakula. Nilipomuuliza alisema, "Mwanangu, tukitolewa hapa tutalala wapi? Dalali ameahidi kuniombea kazi kwa mnunuzi. Nyamaza."

Juzi alikuja mama mmoja, mtumishi wa serikali, anayetaka kununua jumba. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa upole, akaniuliza napenda somo gani. Tukatembea naye bustanini. Alipofika kwenye ule ukoka akasimama juu yake, akasema, "Hapa pamenifurahisha. Bwawa la kuogelea nitaliweka hapa hapa."

Dalali akacheka. "Umepatia mama, na udongo wake laini!"

Baba alitazama chini.

Jumamosi yule mama anarudi na fundi wa kupima bwawa. Tangu hapo sisomi wala silali vizuri. Gari likiunguruma getini nadhani ni katapila. Kwetu kaburi haliguswi mpaka ndugu wakae pamoja na kuomba, na bibi yangu aliyeko Mvumi, aliyemzaa mama, hajui hata kama msalaba umeng'olewa. Namwogopa Mungu, namwogopa dalali, na namwonea baba huruma.

Wakati wa kuondoka yule mama aliniambia, "Ukipungukiwa vitabu usiogope kuniambia." Anaonekana mtu wa kusikiliza. Nikimweleza, labda atalipeleka bwawa kwingine. Au ataghairi kununua, baba afukuzwe kwa sababu yangu. Nikinyamaza, watamfukua mama yangu nikiwa natazama.

Ninyi mlio wazazi, nimwambie, au nimtii baba? Nijibuni kabla ya Jumamosi, nawasihi.