Ganzi ya Mguu wa Kulia

Siku hizo rafiki yangu wa baiskeli alikuwa mmoja tu, seremala wa Kawangware. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Lindi, Kibera. Kila Jumapili tulikutana Riruta na kuendesha mpaka jasho linakauka mgongoni. Nilipopata viatu vya mbio za baiskeli kwenye mitumba, yeye ndiye aliyenifungia kliti, vile vipande vya plastiki chini ya soli vinavyojibana kwenye pedali. Alizifunga harakaharaka, akasema atazirekebisha Jumapili ijayo akishaona ninavyokanyaga.

Jumapili hiyo matokeo ya kura yalitangazwa, na Kibera ikaanza kuwaka. Majirani zangu wa pande zote mbili waliondoka na magodoro kichwani. Mmoja alifunga mlango, mwingine hata hakuurudisha. Nikabaki nikisikiliza upepo ukiugongagonga.

Kulipotulia kidogo, nikawa naendesha mpaka mtaa wa Olympic, hapohapo Kibera, na kurudi, ili tu nisishinde ndani. Vidole vya mguu wa kulia vikawa vinakufa ganzi, na chini ya kidole gumba panachoma. Kwenda Kawangware sikuthubutu. Vijana walikuwa njiani wakidai vitambulisho, na jina langu la ukoo, linalotaja kabila, lingenimaliza. Nikampigia simu.

"Niaje? Uko salama?" nikamuuliza.

"Niko. Wewe?"

"Niko. Lakini mguu unakufa ganzi, zile kliti."

Akacheka. "Watu wanachomewa nyumba, wewe unaniambia mguu?"

"Sina mwingine wa kumwambia."

"Haya. Kaa juu ya meza, uning'inize miguu. Angalia vidole vinaelekea wapi, kliti ielekee hukohuko. Usiulazimishe mguu. Halafu vaa kiatu, upapase lile fundo la kidole gumba, uweke alama na kalamu. Kama kliti iko mbele ya alama, irudishe kuelekea kisigino. Kidogo tu."

Nilikaa mezani mchana ule nikiitazama miguu yangu kama ya mtu mwingine. Wa kulia ulikuwa umegeukia nje. Nililegeza skrubu, nikasogeza, nikakaza, nikaenda kujaribu uani. Bado. Nikarudia. Mara ya tatu nilizunguka ua ule mtupu mpaka nikachoka, na ganzi haikuja. Nikampigia nimwambie. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Njia zilipofunguka nilienda Kawangware. Karakana yake ilikuwa na kufuli. Mama aliyeuza maandazi ng'ambo ya barabara aliniangalia viatu, kisha uso.

"Alienda ushago, kwao kijijini, na familia yake," akasema. "Hakusema atarudi lini."

Mvua za masika zilipoanza alinipigia kwa namba nyingine. Alikuwa amefungua kibanda cha useremala kwao, na wateja hawakuwa haba. Tuliongea habari za mbao na za mvua. Nilitaka kumuuliza kama atarudi, nikaona heri nisimuulize. Mwaka ule wote niliendesha peke yangu.